Bunduki ya Bolti Inayotawanya Risasi: Mwongozo Kamili wa Kuirekebisha, Kuanzia Skrubu Hadi Epoksi

Malalamiko yanayojirudia ni yale yale. Bunduki imetoka dukani mpya, darubini ni ya bei, risasi ni za boksi zuri, lakini kwenye karatasi ya mita 100 matundu yamesambaa sentimita 10 au zaidi. Mwenye bunduki anabadili kifyatulio, anachonga mbao na kununua risasi nyingine, yote ndani ya wiki moja. Matundu yakikaribiana hajui ni kipi kimesaidia. Yakizidi kutawanyika, hajui ni kipi kimeharibu.

Mwongozo huu una kanuni moja: pima, gusa kitu kimoja, pima tena. Vitu vinavyorudishika, yaani skrubu, usafi na risasi, vinatangulia. Visivyorudishika, yaani msasa, epoksi na kazi ya chuma, vinakuja mwisho, na bunduki nyingi hazifiki huko.

Mfano wetu ni Remington 700 inayotumia risasi za .308 Winchester, yenye mtutu mwembamba wa kuwindia, kwa kuwa mpangilio wake umeigwa na viwanda vingi. Pale ambapo Tikka T3x, Howa 1500 au Winchester 70 zinatofautiana nayo, tutasema. Tukitaja kitako, tunamaanisha kipande chote cha mbao au plastiki kinachobeba chuma, si sehemu ya begani peke yake.

## Utegemee nini

Wapiga shabaha hupima kwa dakika ya pembe. Dakika moja ni milimita 29 kwa mita 100. Bunduki ya kuwindia ya kiwandani inayoweka risasi tano ndani ya dakika 1 hadi 1.5, yaani sentimita 3 hadi 4.5 kwa mita 100, ni bunduki nzuri, na kwa swala wa mita 200 huna cha kuidai zaidi. Sentimita 6 bado inatibika kwa hatua za mwanzo. Kuanzia sentimita 8, kuna kitu kimelegea, kimegusana au kimeharibika, na kinapatikana ukikitafuta kwa mpangilio.

Usidanganyike na kundi la risasi tatu. Bunduki ile ile, siku ile ile, kundi la risasi tano kwa wastani ni pana kuliko la tatu kwa robo hivi, na la risasi kumi ni pana kwa zaidi ya nusu. Anayekuonyesha matundu matatu yaliyoshikana amekuonyesha bahati.

## Usalama na sheria

Kabla ya kushika bisibisi, toa bolti (kile chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya mtutu), toa magazini, chungulia chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), kisha peleka risasi zote chumba kingine. Rudia hivyo kila unapokaa tena mezani.

Nchini Tanzania silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kukaza skrubu na kusafisha ni matunzo ya kawaida. Kazi ya kukata, kutoboa au kubadili sehemu za chuma ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni, na ulizia kibali kabla ya kazi kuanza. Majaribio yote ya kufyatua yafanyike kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika.

## Vifaa vya kuandaa

Kwa hatua ya 1 hadi ya 5:

- Mifuko miwili ya mchanga, mkubwa wa mbele na mdogo wa nyuma
- Bisibisi ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza kwa nyutoni-mita (Nm), inayosoma kuanzia Nm 1 hadi Nm 8, pamoja na biti zinazoingia vizuri kwenye skrubu zako
- Asetoni kidogo na pamba
- Fimbo ya kusafishia ya kipande kimoja, iliyofunikwa plastiki, pamoja na mwongozo wa fimbo unaoingia mahali pa bolti
- Brashi ya shaba ya kipimo cha mtutu wako, ncha ya plastiki au ya nikeli ya kushikia vitambaa, na vitambaa vya pamba
- Solventi ya kuondoa kaboni na solventi ya kuondoa shaba
- Boksi moja moja la aina tatu au nne za risasi
- Daftari na kalamu

Kwa hatua ya 6 na ya 7:

- Msasa namba 80, 120 na 220, na bomba nene kidogo kuliko mtutu
- Vanishi ya mbao
- Epoksi ya chuma inayokauka polepole, ya aina ya Devcon au Marine-Tex. Gramu 100 zinatosha na kubaki
- Kiwi isiyo na rangi, plastisini ya watoto, tepu ya umeme, tepu ya karatasi
- Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande virefu
- Skrubu mbili ndefu zisizo na vichwa, zenye nyuzi sawa na za bunduki (Remington 700 ni robo inchi, nyuzi 28 kwa inchi)

Usinunue vya kundi la pili sasa. Huenda usivihitaji.

## Hatua ya 1: Pima ilivyo

Nenda uwanjani asubuhi kabla upepo haujaamka. Weka mfuko mkubwa chini ya kitako, sentimita chache mbele ya magazini. Usiuweke kabisa chini ya mtutu, kwa sababu mtutu ukiegemea kitu hutetemeka kwa namna nyingine na risasi hupanda. Mfuko mdogo ukae nyuma, ubanwe kwa mkono wa kushoto kuinua na kushusha shabaha.

Kabla ya risasi ya kwanza, funga bolti chemba ikiwa tupu, lenga, kisha fyatua. Nywele za darubini zikiruka pini inapogonga, tatizo la kwanza ni mkono wako, na hakuna epoksi inayolitibu. Rudia mpaka zitulie.

Sasa piga makundi manne ya risasi tano tano, aina moja ya risasi. Subiri dakika moja hadi moja na nusu kati ya risasi na risasi. Kati ya kundi na kundi acha bolti wazi, bunduki kivulini, mpaka uweze kushika mtutu bila kuuachia. Mtutu mwembamba hupata joto upesi, na ukipiga haraka utakuwa unapima joto.

Chora kila kundi daftarini na uandike namba ya kila tundu kwa mpangilio wa kupigwa. Mpangilio huo ndio unaosema ugonjwa:

Mstari wa wima. Mtutu unagusa kitako kwa mbele, mfuko wa mbele unahamahama, au risasi zina kasi zinazotofautiana.

Mstari wa mlalo. Upepo, kidole kinachovuta kifyatulio kwa pembeni, au kitako kinachosukuma mtutu upande mmoja.

Makundi mawili mbalimbali. Hii karibu kila mara ni kitu kinachohama kati ya mikao miwili: skrubu iliyolegea, darubini mbovu, au chuma kisichokaa vizuri kwenye kitako.

Matundu yanayotembea upande mmoja kadiri mtutu unavyopata joto. Mtutu unagusana na kitako, au chuma chake kina mkazo wa tangu kiwandani.

Risasi ya kwanza peke yake iko mbali. Mafuta yamebaki mtutuni.

Hakuna mpangilio wowote. Risasi zisizoifaa bunduki, uchafu, mdomo wa mtutu ulioumia, au mpigaji.

Hatua imekamilika ukiwa na wastani wa makundi manne. Huo ndio wa kulinganisha nao kila badiliko, si kundi lako zuri kuliko yote.

## Hatua ya 2: Skrubu

Hapa ndipo bunduki nyingi hupona, na hapa ndipo watu wengi hupita bila kutazama.

Darubini. Ishushe, toa pete zinazoishika, toa na besi, yaani vipande vinavyofunga pete kwenye bunduki. Futa nyuzi za skrubu na matundu kwa asetoni, kwa sababu mafuta ya kiwandani hufanya skrubu ijilegeze kwa teke la bunduki. Rudisha besi na ukaze Nm 1.7 hadi 2.3. Baada ya kila skrubu, rudisha bolti na uifunge. Ikiwa imekuwa nzito ghafla, skrubu ya mbele ni ndefu mno na inagusa meno ya bolti. Badilisha skrubu, usiilazimishe bolti.

Vifuniko vya pete kaza Nm 1.7 hadi 2.0, kwa zamu ya msalaba, nafasi ikibaki sawa pande zote mbili. Kuzidisha hapa hakuongezi usalama. Kunabonyeza bomba la darubini, na vioo vya ndani vinashindwa kusogea sawasawa unapogeuza vitufe.

Skrubu za kitako. Simamisha bunduki wima, kitako kikiwa sakafuni juu ya zulia, mtutu juu. Igonge chini taratibu mara mbili. Hii inashusha jino la teke, lile bamba la chuma lililo chini ya mbele ya risiva (mwili wa chuma unaobeba bolti na kushika mtutu), likae kwenye ukuta wake wa nyuma, mahali ambapo teke litalisukuma hata hivyo. Kaza ya mbele Nm 2, ya nyuma Nm 2, kisha rudi uzimalize:

- Mbao bila nguzo za chuma (mirija inayozunguka skrubu ndani ya kitako): Nm 4 hadi 4.5
- Plastiki ya kiwandani bila nguzo: kiasi hicho hicho, isipokuwa kiwanda kimesema vingine
- Kitako chenye nguzo au kitanda cha alumini: Nm 6.5 hadi 7.3

Kijitabu cha bunduki yako kikitaja kipimo kingine, kifuate. Winchester 70 yenye skrubu tatu ina mtego: ile ya katikati iguse tu. Ikikazwa kama wenzake, inaipinda risiva kuelekea chini.

Vinavyogusana kimyakimya. Kabla hujarudisha chuma kwenye kitako, tazama mambo matatu. Sanduku la magazini lazima licheze kidogo, nusu milimita hadi moja. Likibanwa kati ya risiva na bamba la chini, skrubu zako zinakaza sanduku badala ya kukaza bunduki. Shina la mkono wa bolti lisiguse mbao bolti ikifungwa. Na mwili wa skrubu usikwaruze kuta za tundu lake, kwa kuwa ukikwaruza, teke linapokewa na skrubu badala ya jino. Alama za kung'aa pembeni mwa skrubu zinakuonyesha.

Piga makundi mawili. Kama yale makundi mawili mbalimbali yameungana kuwa moja, hatua imefaulu.

## Hatua ya 3: Safisha mtutu mpaka kwenye chuma

Bunduki "iliyosafishwa" mara nyingi imefutwa kaboni tu. Shaba ya vichwa vya risasi imebaki imeganda kwenye mifereji inayozunguka ndani ya mtutu, hasa kwa mitutu ya kiwandani ambayo ndani yake si laini.

Weka mwongozo wa fimbo mahali pa bolti na fanya kazi kutoka nyuma kuelekea mdomoni. Kusafisha kutokea mdomoni bila kinga ndiyo njia ya haraka ya kuuharibu mdomo wenyewe.

Anza na vitambaa viwili vya solventi ya kaboni, acha dakika kumi, kisha brashi mara kumi hadi kumi na tano. Usigeuze brashi ikiwa bado ndani; itokeze mbele, ndipo uirudishe polepole. Futa mpaka vitambaa vitoke bila weusi.

Kisha solventi ya shaba. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu au kijani, hiyo ni shaba. Acha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, usizidishe, kwani zenye amonia kali zikiachwa sana hudhuru chuma. Tumia ncha ya plastiki au ya nikeli hapa. Ncha ya shaba nyeupe huyeyushwa na solventi hiyo hiyo na kukupa buluu isiyoisha, nawe utasugua mtutu safi mpaka jioni.

Maliza kwa vitambaa vikavu, kitambaa kimoja chenye mafuta mepesi, na kikavu tena. Anayeishi Tanga, Mombasa au Zanzibar asiache mtutu bila mafuta hata usiku mmoja, kwa sababu chumvi ya hewani haichelewi. Lakini siku ya kupiga, mafuta hayo yatoke yote kwanza.

Baada ya usafi kamili, risasi mbili hadi tano za mwanzo zinaweza kupotea njia. Usizihesabu. Ukiona makundi yamekaza kuanzia hapo, andika idadi ya risasi uliyopiga mpaka yalipoanza kufunguka tena: hiyo ndiyo ratiba yako ya kusafisha. Kusafisha kila baada ya risasi kumi hakuna faida.

## Hatua ya 4: Ijue risasi inayoipenda

Kila mtutu una msokoto wake wa mifereji, na msokoto ndio unaoamua urefu wa kichwa cha risasi kitakachosimama imara hewani. Kuupima, ingiza kitambaa kilichobana kwenye fimbo inayozunguka, weka alama, sukuma mpaka alama izunguke mara moja kamili, kisha pima umbali. Inchi 10 maana yake ni 1:10.

Kwa .308 yenye 1:10 au 1:12, kichwa chenye uzito wa greni (kipimo cha uzito wa vichwa vya risasi) 150, 165 au 168, na 180 chote kinatulia. Hapa swali si uthabiti, ni upendeleo: mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja kwa kufuatana inaweza kutofautiana kabisa. Kwa .223 jambo ni zito zaidi. Msokoto wa 1:12 hauwezi kutuliza kichwa kirefu cha greni 69 au 77, na utaona tundu limechanika kwa ubavu badala ya kuwa duara. Tundu la namna hiyo likitokea, acha risasi hizo. Hakuna marekebisho mengine.

Piga makundi mawili ya risasi tano kwa kila aina. Ukibadili aina, piga mbili pembeni kwanza ili mtutu uzoee. Usichanganye loti: namba iliyogongwa kwenye boksi iwe moja, kwa kuwa baruti na vipimo hubadilika kidogo kati ya loti na loti. Huku kwetu, ambako duka linaweza kukaa miezi bila aina uliyoizoea, ukipata inayofaa nunua ya kutosha ya loti hiyo kwa kadiri leseni yako inavyoruhusu.

Usiache boksi kwenye dashibodi ya gari au juu ya meza juani. Baruti ya moto hupandisha kasi na msukumo, na kundi lako litanyooka kwa wima bila bunduki kuwa na kosa.

Kwa bunduki moja, risasi nzuri inaweza kupunguza upana wa kundi hadi nusu ya ule wa risasi mbaya. Hakuna kifaa cha kununua kinachokupa hivyo kwa bei ya maboksi manne.

## Hatua ya 5: Ishuku darubini

Piga risasi mbili. Geuza kitufe cha darubini upande wa kupanda, milio 20 ya kitufe, piga mbili. Nenda kulia 20, piga mbili. Shuka 20, piga mbili. Rudi kushoto 20, piga mbili, ukilenga alama ile ile wakati wote. Lazima upate mraba, na matundu ya mwisho yaingie kwenye ya kwanza. Mraba ukipinda, au usipofunga, darubini ni mbovu au imekaa kombo.

Kisha tuliza bunduki kwenye mifuko bila kuigusa na usogeze jicho kulia na kushoto. Nywele zikitembea juu ya shabaha, shavu lako lazima likae mahali pamoja kila mara, au rekebisha kitufe cha umbali kama darubini inacho.

Njia fupi kuliko zote ni kuazima darubini iliyothibitika kwenye bunduki nyingine. Kundi likipona, umemaliza.

## Hatua ya 6: Mtutu usiguse kitako, isipokuwa uliundwa uguse

Chukua noti, ikunje mara moja, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele. Inapaswa kuteleza mpaka karibu na chemba bila kukwama, hata ukibana kitako kwa mkono kama unavyoshika ukipiga. Vitako vya plastiki laini vinafaulu mezani na kushindwa mkononi, na zaidi sana vikiwekwa juu ya miguu miwili ya mbele.

Ngoja kabla ya msasa. Remington 700 nyingi, za mbao na za plastiki, zina vinundu karibu na ncha ya kitako vinavyosukuma mtutu juu kwa makusudi. Mitutu mingine myembamba hupiga vizuri kwa sababu ya msukumo huo. Ukivikwangua ndipo ujue, huna pa kuvirudisha.

Jaribu kwanza bila kuharibu. Kata kipande cha kadi ya benki iliyokwisha muda, unene wake ni milimita 0.76, kitoboe tundu, kisha ukiweke chini ya risiva kwenye skrubu ya mbele, nyuma ya jino la teke. Mtutu utanyanyuka na kuachana na vinundu. Hakikisha jino bado limezama mahali pake na bolti inafunga kawaida, kaza, kisha piga makundi mawili.

Yakikaribiana, ondoa kadi na uviondoe vinundu. Yakifunguka, ondoa kadi na uache kiwanda kiwe sahihi.

Kuondoa: zungushia msasa namba 80 kwenye bomba, piga kwa mikupuo mirefu iliyonyooka, kagua kwa noti kila baada ya mikupuo kumi, kisha lainisha kwa 120 na 220. Acha nafasi ya milimita 1.5 hadi 2 pande zote. Chini ya nusu milimita haitoshi kwa mbao, kwa sababu mbao hujaa unyevu wa masika na kurudi kugusa. Paka vanishi mara mbili ndani ya mfereji wote wa kitako unaolaza mtutu. Mbao mbichi uliyoiacha wazi itapinda, na safari hii itapinda upande usioutaka.

## Hatua ya 7: Kulaza chuma kwenye epoksi

Fanya hatua hii ikiwa tu dalili zinaashiria chuma kinahama. Kipimo chake ni hiki: bunduki ikiwa imekazwa, weka kidole kwenye mwanya kati ya mtutu na ncha ya kitako, kisha legeza skrubu ya mbele taratibu. Ukihisi mtutu unanyanyuka, risiva ilikuwa imepindwa ilipokazwa. Kwa geji ya saa, zaidi ya milimita 0.05 ni kasoro.

Lengo ni kuipa risiva kitanda chenye umbo lake hasa, na jino la teke ukuta usioyumba. Tikka T3x haifuati utaratibu huu moja kwa moja, kwa sababu jino lake ni kipande kilichokaa kwenye kitako, si sehemu ya risiva.

Tayarisha kitako. Kwangua milimita 1.5 hadi 2 chini ya pete ya mbele ya risiva, nyuma ya jino, na kwenye mkia wa risiva. Acha vipande vidogo vya asili bila kukwangua ili urefu usibadilike. Plastiki itoboe vijitundu vifupi vya pembe tofauti. Epoksi haishiki plastiki laini isipokuwa kwa kung'ang'ania. Funika kingo za nje kwa tepu ya karatasi.

Tayarisha chuma. Toa kifyatulio. Weka tabaka moja la tepu ya umeme mbele, pembeni na chini ya jino la teke. Upande wa nyuma wa jino usiweke tepu, maana ndio utakaopokea teke. Zungushia tepu kwenye mtutu karibu na ncha ya kitako mpaka ukae katikati ya mfereji. Jaza plastisini kila tundu, kila mfereji na kila pembe inayoingia ndani.

Sehemu hii ndiyo inayowaliza watu. Epoksi ikiingia kwenye tundu na kugandia humo, chuma hakitatoka bila kuvunja kitako. Tazama mara mbili: tundu la pini ya kifyatulio, nyuzi za skrubu, nafasi ya magazini.

Paka Kiwi. Chuma chote kitakachogusa au kinachoweza kugusa epoksi, pamoja na skrubu zisizo na vichwa na nyuzi zake. Tabaka jembamba, acha likauke, la pili, likauke. Ukisahau sehemu ndogo kama ukucha, umeigundisha bunduki.

Changanya na laza. Pima sehemu mbili za epoksi kwa mizani kama boksi linavyosema, changanya dakika tatu bila kuingiza hewa. Kwenye joto la nyuzi 30 muda wa kufanyia kazi unapungua, kwa hiyo anza asubuhi. Weka epoksi nyingi nyuma ya jino na kwenye maeneo uliyokwangua, halafu shusha chuma kikiongozwa na skrubu zisizo na vichwa. Izidi kidogo na itoke pembeni. Ikipungua, itaacha mashimo.

Funga kwa mpira wa baiskeli, kuzungusha risiva na kitako pamoja. Usikaze kwa skrubu. Ukikaza, unaipinda risiva na kuigandisha ikiwa imepinda, na umetengeneza upya ugonjwa uliotaka kuutibu.

Futa iliyotoka pembeni kwa kijiti na pamba yenye mafuta ya taa kidogo. Acha saa 24, bunduki ikiwa sawa kwa pima maji.

Toa. Ondoa mpira na skrubu, shika mtutu, na gonga chini ya kitako mbele kwa nyundo ya mpira huku ukivuta wima. Chuma kisipotoka, weka yote kwenye friza saa chache; chuma husinyaa kidogo na kuachia. Usikipinde pembeni.

Epoksi nzuri inaonyesha hata mistari ya mashine iliyokuwa kwenye risiva. Tundu dogo la hewa si hoja. Tundu nyuma ya jino lijazwe upya. Panua njia za skrubu mpaka milimita 7 ili zisiguse, safisha plastisini yote, rudisha kifyatulio, kaza kwa kipimo cha hatua ya 2, kisha rudia kipimo cha kidole. Mtutu usisogee.

## Hatua ya 8: Kifyatulio

Kifyatulio kizito hakitawanyi risasi chenyewe. Kinamfanya mpigaji azitawanye. Kwa kuwindia, kilo 1.2 hadi 1.5 zinafaa. Rekebisha kwa skrubu ambayo kiwanda kimeiruhusu katika kijitabu chake, na usiguse skrubu zilizofungwa kwa rangi au gundi. Hizo zinashika usalama.

Kila baada ya kurekebisha, chemba ikiwa tupu: funga bolti kwa nguvu mara kumi, gonga kitako sakafuni kwenye zulia mara kumi, weka kufuli ya usalama, vuta kifyatulio, achia, kisha ondoa kufuli. Pini ikianguka hata mara moja, bunduki isipigwe mpaka fundi aione.

Mwenye Remington 700 au Model Seven yenye kifyatulio cha X-Mark Pro kilichotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014 ajue kiwanda kilitangaza kuvirudisha mwaka 2014, kwa sababu bunduki ingeweza kujifyatua. Usikirekebishe. Kibadilishe.

## Hatua ya 9: Mdomo wa mtutu, na fundi

Pitisha pamba ya masikio kutoka ndani kwenda nje ya mdomo, kuzunguka pande zote. Ikinasa nyuzi mahali, kuna kovu. Gesi hutoka upande wa kovu kwanza na kukisukuma kichwa cha risasi kinapoondoka. Kukata mdomo upya ni kazi fupi kwenye mashine ya kereza. Mpe fundi mwenye leseni, na umwambie asipunguze mtutu zaidi ya anavyohitaji kufuta kovu.

Kama umepita hatua zote na kundi bado ni sentimita 7 au 8, mpe fundi daftari lako. Mwombe akague kama meno ya bolti yote mawili yanabeba, na kama koo la mtutu, pale mifereji inapoanzia mbele ya chemba, limeliwa na moto. Mtutu wa .308 kwa kawaida hupiga maelfu kadhaa ya risasi kabla ya koo kuisha, wa .300 Winchester Magnum huchoka mapema zaidi. Mtutu uliokwisha hauna dawa nyingine isipokuwa mpya.

Bunduki ikishatulia, weka ziro, yaani rekebisha darubini ili risasi ipige pale unapolenga, kwa loti ya risasi utakayobeba porini, ukianza na mtutu baridi na mkavu. Chora mstari mdogo wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma cha jirani. Ukifika kambini baada ya saa nyingi za barabara ya vumbi, tazama mistari hiyo kwanza, kisha piga risasi mbili za kuhakikisha kabla ya siku ya kwanza ya mawindo, mahali ambapo mwongozaji amekuruhusu.